Mkwe Aliyenikimbia

Mkwe wangu alinikimbia. Sijui niseme vipi vingine. Niliingia uani kwao asubuhi, kanga zangu zimejaa vumbi la safari, nikamkuta mzee ameketi kwenye kigoda anamenya ndizi. Sura ilikuwa ya mume wangu kabisa, mpaka masikio. Nikapiga magoti, nikanyoosha mkono.

"Shikamoo baba."

Mzee akaachia kisu, akajifunika uso kwa koti, akainuka na kuingia kwenye migomba. Mguu wake mmoja ni mgonjwa. Huo mguu ndio uliomzuia kuja Bunju, Dar, kumzika mwanawe, mume wangu. Asubuhi ile ulimbeba vizuri tu.

Wifi yangu alitoka jikoni mbio, mwiko mkononi. Yeye alikuja msibani, kwa hiyo tulikuwa tunajuana.

"We wifi! Utamuua baba!" Alikuwa anacheka, kajishika kiuno. "Mkwe haonwi huku. Hakukuambiaga?"

"Nani?"

"Kaka!"

Hakuniambiaga. Akanieleza wifi, tumekaa jikoni. Mke wa mtoto na baba wa mume hawatazamani, hawapeani mikono, hawasemeshani. Wakikutana njiani, mmoja anaingia majanini mpaka mwenzake apite. Ni heshima. Vijana wengi wameshaacha, alisema, lakini baba ni mtu wa zamani.

Mie ni mzaliwa wa Temeke, na mambo hayo sikuyajua. Miaka yote ya ndoa yetu mzee hakuwahi kuzungumza nami kwenye simu hata mara moja. Salamu zake zilipitia kwa wifi. Nilidhani hanitaki kwa sababu ni mtu wa pwani, na nilishamkasirikia kwa hilo. Kumbe alikuwa ananiheshimu. Nilifurahi, kisha nikaingiwa na hofu, maana nilikuwa nimesafiri siku mbili ili nimwambie jambo kwa mdomo wangu.

Jambo lenyewe ni hili. Mume wangu, alipoona hali yake haigeuki, aliniambia, "Nikifa nirudishe nyumbani, unilaze karibu na mama." Nilimjibu ndiyo. Alipofariki, wifi alipiga simu akauliza, "Alisema azikwe wapi?" Nikajibu, "Hakusema kitu." Tukamzika Bunju. Sikufanya hivyo kwa shida yoyote. Nilitaka awe karibu na mimi, basi. Hakuna mtu niliyemwambia, na tangu siku ile nilikuwa silali vizuri.

Nilimwambia wifi nina neno kwa baba. Hakuuliza neno gani. Alisema mzee ataliandaa sikio lake, nisubiri.

Nilisubiri siku mbili, na siku hizo nilizunguka mji. Ni mji wa barabara moja ya lami, chini kabisa bondeni, milima imesimama upande mmoja kama ukuta. Nilitaka kuona kila alichonisimulia. Kando ya barabara walikuwa wameanika kakao kwenye maturubai, na harufu yake si ya chokoleti hata kidogo, ni ya kitu kilichochacha. Wifi alinipasulia tunda bichi akaniambia ninyonye ule utando mweupe. Utamu wake ni kama stafeli. Nikatafuna na mbegu.

"Temea!" wifi akapiga kelele. "Watu wa Dar nyie mnakula kila kitu."

Ilikuwa chungu mpaka machozi yakanitoka. Wanawake wawili waliokuwa wanageuza kakao kwa reki ya mbao walicheka, na mmoja akasema huyo aachwe atafune, atazoea.

Ziwani nilikwenda peke yangu. Mume wangu aliniambiaga lina mawimbi, nikawa nambishia, maana ziwa kwangu lilikuwa kitu cha kutulia kama maji ya pipa. Lina mawimbi. Yanapiga mchangani kama ya Mbezi Beach, na watu wanafua hapohapo. Nilichota kwa kiganja nikaonja. Halina chumvi. Nilijua halina, lakini ulimi wangu ulikuwa umejiandaa, na ukashangaa. Mbali juu ya maji kulikuwa na moshi mweusi umesimama. Nikamuuliza mama mmoja aliyekuwa anafua nini kinaungua. Akasema si moshi, ni kungu, wadudu wadogo, upepo ukiwaleta ufukweni watu wanawakamata na kuwafinyanga kama mkate.

"Mnakula?"

"Tukipata."

Nilitamani kumuuliza mume wangu kwa nini hilo hakulisema. Hiyo ndiyo shida ya kwenda kwa mtu baada ya yeye kuondoka. Kila unachokiona kina swali, na mwenye jibu hayupo.

Siku ya tatu alasiri wifi akaniita. Mzee alikuwa ndani ya jiko la nje, lenye kuta za mianzi zilizokandikwa udongo. Mimi niliwekewa kigoda nje, nimeupa ukuta mgongo. Wifi alisimama mlangoni, anatuona wote wawili. Palikuwa hapafiki hatua tatu kati yangu na mzee. Nilimsikia akikohoa.

"Haya, sema," wifi akaniambia.

Nikasema. "Mwambie baba, mwanawe aliniambia nimrudishe nyumbani nimlaze karibu na mama yake."

Wifi alinitazama muda. Kisha akageukia ndani. "Baba, mkweo anasema kaka alikuwa anawakumbuka sana nyumbani."

"Hapana, wifi. Sikusema hivyo."

"Wifi, tafadhali," akaninong'oneza.

"Mwambie aliniagiza, nikakubali, halafu nyie mlipouliza nikasema hakusema kitu. Nilidanganya. Nilitaka abaki kwangu."

Wifi hakurudia. Hakukuwa na haja, mzee si kiziwi. Wifi aliegemea nguzo ya mlango, akaitazama miguu yake. Nikasikia kuni zikisogezwa motoni.

"Muulize," mzee akasema, tena kwa Kiswahili, si kwa lugha ya kwao, makusudi, ili nisikie, "huko alikolala udongo ukoje."

"Baba anauliza udongo ukoje," wifi akasema.

"Mwekundu, una mchanga."

"Maji yanatuama?"

"Hayatuami. Ni mwinuko. Kuna mkorosho pembeni."

"Nani anafagia?"

"Mimi. Kila Jumamosi."

Mzee akasema, "Mwambie amekosa."

Wifi akaniambia, "Umekosa."

"Nimekosa," nikasema.

"Mwambie nimesikia. Asilirudie tena, kwangu wala kwa mwingine." Akakohoa. "Na pale karibu na mama yao tulimwachia mwanangu nafasi. Muulize kama anaitaka yeye."

Nilijua ni heshima kubwa. Mtu mwingine angeshukuru. Lakini nilikuwa nimechoka kusema visivyo kweli katika nyumba ile.

"Mwambie baba asante sana. Lakini mie nitalala Bunju, na mume wangu."

Wifi akaziba mdomo. Kutoka ndani nikasikia kitu kama kikohozi, kikaendelea, na nikatambua kwamba mzee anacheka. Kilikuwa kicheko cha puani, kilekile cha mwanawe. Hapo ndipo nilipolia, kimya, kwenye kanga.

"Basi mwambie," akasema alipomaliza, "kesho tunapanda mgomba pale."

Asubuhi nikasikia jembe. Nilichungulia dirishani, nikamwona kwa mgongo, anachimba kando ya kaburi la mkewe, anapumzika, anachimba tena. Nikamwambia wifi nikamsaidie.

"Baba yupo pale," akasema, kama anayemkumbusha mtoto.

Nikangoja. Shimo lilipofika magotini, mzee akaweka jembe chini, akakohoa kwa nguvu, akaondoka kuelekea nyuma ya nyumba bila kugeuka. Nikatoka. Chipukizi la mgomba lilikuwa limelazwa pembeni. Nikalisimamisha shimoni, nikafukia mpaka nusu, mikono ikanichafuka udongo mweusi, si kama wetu. Kisha nami nikakohoa, nikarudi ndani. Mzee akaja akamalizia kufukia na kushindilia kwa ule mguu wake mzima. Akaondoka. Nikatoka tena na ndoo ya maji.