Bibi wa Hatta Aliyenituma Makunduchi

Msiniambie nilikuwa na usingizi, wala msinisingizie joto. Ilikuwa saa kumi na moja jioni, jua bado liko juu ya milima, na tulikuwa wawili. Niliyoyaona mimi, Prossy naye aliyaona. Muulizeni.

Prossy ni Mganda, mlinzi wa majengo kule Silicon Oasis, Dubai. Mimi ni mtu wa Tanga, napokea wagonjwa kwenye kliniki moja ya Oud Metha. Mwisho wa Oktoba ule Dubai nzima ilijaa maboga ya plastiki na mafuvu ya kuchekesha ya Halloween. Prossy akasema, "Haya ya madukani tuachane nayo. Twende Hatta tukaone majini ya kweli." Alikuwa ameona kwenye simu habari za nyumba za kale zilizohamwa kule milimani. Siku zetu za mapumziko zilipokutana, yalla, tukapanda basi.

Jamani, nilifurahi kama mtoto! Tulifuata mfereji wa zamani kati ya mitende, tunachungulia kila nyumba, tunapigana picha. Ya nne mlango wake ulikuwa umerudishiwa. Ikatoka harufu ya kahawa inayokaangwa, na sauti: "Karibuni, wanangu. Mbona mwasimama nje?"

Kwa Kiswahili. Hatta! Tena si hiki chetu cha kazini, ni kile cha Unguja shamba.

Mnadhani tulikimbia? Tuliingia tunacheka. Tulimdhania ni mmoja wa Wazanzibari walioishi huku miaka mingi. Bibi mfupi, mzee sana, anageuzageuza buni kwenye kikaango. Nikamwamkia, akaitikia. Akauliza kwetu ni wapi. Nilipotaja Tanga, mkono wake ukasimama.

"Hapo na Unguja si mbali."

"Si mbali, bibi."

Ndipo alipomshika Prossy mkono. "Nendeni Makunduchi. Kamwambieni mama, Siti harudi. Afunge mlango."

Bibi kizee kama yule, anamtumia mama yake salamu! Prossy akajaribu kujinasua. "Banange, ana baridi! Ananivunja!" Nikamkamata kiunoni, nikavuta kwa nguvu zangu zote. Wapi! Na yule bibi wala hakukunja uso. Alinitazama mimi tu, machozi yanamtiririka.

Nikapiga kelele: "Nitakwenda! Wallahi nitakwenda!"

Akaachia. Tukaangukia nje wote wawili. Nilipoinua kichwa, nyumba haina paa. Ndani mawe na kinyesi cha mbuzi, hata jivu hakuna. Lakini harufu ya kahawa, niaminini, tulirudi nayo mjini nguoni.

Likizo yangu ilipofika nikaenda Makunduchi. Nilijiona mjinga, nazunguka naulizia Siti. Siku ya pili mama mmoja wa makamo, Bi Mize, akanikalisha uani kwake akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniambia mlango wao wa uani haujawahi kutiwa komeo usiku. Aliagiza hivyo mama wa babu yake, ambaye binti yake Siti alitoka kuokota kuni asirudi; wengine walisema alichukuliwa na majahazi ya Arabuni. Hata khitma hawakumsomea, maana nani angethubutu kusema amekufa?

Khitma ilisomwa Ijumaa ile. Baada ya magharibi Bi Mize akatia komeo, akaegemeza kichwa kwenye ubao, akalia. Nikalia naye.

Simu yangu ikaita. Prossy, kutoka Dubai: "Nnyabo, dada yangu, mkono wangu umepata joto! Sasa hivi!" Miezi yote ile ulikuwa wa baridi kama barafu, na madaktari hawakuona kitu. Nilikuwa sijamwambia lolote bado.

Alama za vidole anazo hadi leo, nne, nyeupe. Milimani haendi tena, hata umlipie. Mimi nimerudi Hatta mara mbili, na moyo unanidunda kwa hamu kila nikifika, lakini hakuna aliyeniita.

Basi ninyi mnaokwenda huko kutafuta vituko vya Halloween, sikilizeni. Mkikaribishwa kwa lugha ya kwenu mahali isikozungumzwa, itikeni kwa adabu. Mkitumwa, nendeni. Huyo anayewatuma huenda amengoja miaka mingi apite mtu wa kumwelewa.