Mistari Thelathini na Minne Mlangoni

Kwa miaka mingi nimelikana jambo hili, nimelikana mbele ya akina mama wa kikundi chetu cha parokia, nimelikana mbele ya padri (nje ya kitubio, ili lisihesabike kuwa dhambi kamili), na wanangu waliponiuliza niliwajibu kwa ukali wa mtu mwenye hatia, lakini sasa mvi zimeshanishinda na sina tena heshima kubwa ya kulinda, basi acheni niseme: ile mistari thelathini na minne niliyoichora kwa chaki kwenye mlango wangu, mstari mmoja kwa kila kitabu nilichosoma mwaka ule, mistari kumi na mitano kati yake ilikuwa ya uongo.

Nilikuwa nimeapa kusoma vitabu hamsini kwa mwaka mmoja. Hakuna aliyenilazimisha. Ilikuwa Jumapili ya kwanza ya Januari, tumetoka misa, tuko kwa jirani yangu Mama Neema tunakunywa chai, na yeye kwa utani wake akasema kwamba mimi, pamoja na diploma yangu yote ya chuo kikuu, sijaonekana na kitabu mkononi tangu watoto wangu waondoke nyumbani. Kila mtu akacheka. Nikaweka kikombe chini nikasema, “Mwaka huu, hamsini.” Ningesema kumi na viwili ningekuwa leo mtu wa amani, lakini neno hamsini lilikuwa tamu mdomoni, na likishatoka halirudi.

Sasa, mtu mwenye akili angenunua daftari akaandika humo vitabu vyake kimyakimya. Mimi nilichagua mlango. Si upande wa ndani, la, upande wa nje, ule unaoitazama barabara, mbao zimepakwa rangi ya bluu na chaki nyeupe inang'aa juu yake hata kwa mtu anayepita mbio. Nilitaka wapita njia wa Mapendo, mtaa wetu hapa Goma, wajue kwamba humu ndani kuna mtu anayesoma, ingawa sikumweleza yeyote maana ya mistari ile, nikidhani inajieleza. Ndiyo hiyo tu, jamani. Aibu yote ninayowasimulia ilizaliwa na uamuzi huo mdogo wa upande gani wa mlango.

Miezi ya kwanza ilikwenda vizuri, vizuri kiasi kwamba nikiikumbuka naiona kama kitu nilichokiota. Nyumba yangu ni ya mbao, imekalia mawe meusi ya volkano, na mvua ikinyesha juu ya bati husikii lingine lolote duniani. Nilikuwa nakaa kwenye kiti changu karibu na dirisha, wingu limeuficha mlima, ukungu unapanda kutoka ziwani, na kurasa zinajifungua zenyewe. Nikimaliza kitabu natoka nje, nachora mstari, nausogelea, narudi nyuma, kama mtu aliyetundika picha ukutani. Kufika Juni nilikuwa na mistari kumi na tisa, yote ya haki, naapa.

Kisha vita vikaanza tena upande wa Rutshuru, na siku moja asubuhi dada yangu mkubwa, Yaya Masika, akanipigia simu kutoka Kiwanja. Nyuma yake nilisikia watu wakiitana.

“Kahindo, tunatoka sasa hivi. Miye na bajukuu batatu. Tutakuya kwako.”

“Yaya, mukuye, niko.”

Simu ikakatika, na tangu hapo nikipiga haiiti.

Kutoka Kiwanja kwa miguu ni siku mbili, tatu ukiwa na watoto, na Yaya anachechemea mguu wa kushoto tangu utoto, kwa hiyo nilimpa siku tano. Zikapita. Nilimpa nane. Mabomu yalisikika kwa mbali, kama mtu anayesukuma kabati zito nyuma ya vilima, na mimi nikakaa kwenye kiti changu nikasoma, kwa sababu sikujua kitu kingine cha kufanya na mikono yangu. Nasema nilisoma. Macho yalipita juu ya maneno kama mvua juu ya jiwe. Nilifungua ukurasa nikamwona Yaya barabarani, nikafungua mwingine nikamwona amekaa pembeni anakanda mguu wake, na nikifika mwisho wa kitabu sikuweza kukutajia hata jina la mtu mmoja aliyekuwamo. Hata hivyo nilikifunga, nikatoka nje, nikachora mstari. Usiniulize kwa nini. Kuchora kulinipa hisia kwamba kuna kitu kinasonga mbele, kwamba siku zinahesabika na zitaisha. Siku nyingine nilichora miwili.

Wakati huohuo, shefu wa avenue yetu (mkuu wa barabara yetu, mzee mwembamba, anaheshimu kila karatasi yenye muhuri) alipita na megafoni kuwaeleza watu utaratibu mpya: kila nyumba iliyopokea wakimbizi ichore mlangoni mistari ya chaki, mmoja kwa kila mtu, ili wanaofika waone wenyewe ni wapi pamejaa na ni wapi bado pana nafasi. Avenue nzima ilisikia. Nami nilisikia, lakini nilikuwa kitini, kitabu kifuani, si usingizini wala si macho, na ile sauti ya megafoni ikaingia katika ndoto yangu ikawa mtu anayeuza vyandarua. Shefu alipofika kwangu na chaki yake akakuta mlango umeshachorwa, tena umechorwa kuliko yote, akaandika katika daftari lake, akaondoka kwa unyenyekevu bila kubisha.

Siku chache baadaye nilitoka kwenda kununua chumvi, nikaona mlango wa Mama Neema una mistari kumi na mmoja. Ng'ambo ya barabara, saba. Kwenye kona, kumi na minne. Na mimi, mwanamke wa chuo kikuu, nilisimama pale katikati ya barabara yenye vumbi jeusi, moyo umejaa, nikajiambia: hatimaye mtaa umeanza kusoma.

(Mnaweza kucheka. Mama Neema bado anacheka.)

Kweli niliona watu wamekuwa wengi kisimani, watoto wapya, magodoro kwenye vibaraza. Niliwaona kama unavyoona watu kupitia kioo chenye ukungu. Na nilishangaa kidogo kwamba kwangu hakuna anayebisha hodi, lakini nikadhani Mungu ameniachia utulivu kwa ajili ya vitabu. Hata salamu za watu zilikuwa na heshima mpya. Mama mmoja alinishika mkono kwa mikono yake miwili: “Mama, unawezaka aje na wote ule mzigo?” Nikamjibu kwa upole, “Polepole, mama. Ukiisha kuzoea haichokeshe.” Akatikisa kichwa, machozi yanamlenga.

Basi ikafika Jumamosi. Nasikia nyimbo nje. Ninachungulia, naona akina mama wote wa kikundi wanakuja kwangu kwa safu, hawa na sufuria za maharage, hawa na fufu iliyofunikwa vizuri, hawa na mablanketi kichwani, mbele yao shefu wa avenue amevaa koti, na nyuma yao nusu ya mtaa. Nikatoka na miwani kwenye paji la uso. Shefu akanyanyua megafoni ingawa palikuwa na hatua tatu tu baina yetu.

“Wapenzi wajirani! Mama huyu amepokea watu trente-quatre! Thelathini na ine! Na hakuna siku tulisikia hata mutoto mumoja akilia kwake! Mama, uwaite batoke, tubasalimie.”

Vigelegele. Nikatazama nyuma yangu, kweli niligeuka kutazama, kana kwamba wangeweza kuwa wamesimama pale.

“Nani?” nikauliza.

“Wakimbizi, mama. Beko wapi?”

Alitoka paka. Alitoka kwa mwendo wake wa kawaida, akanyoosha miguu, akakaa. Mama Neema hakungoja; aliingia ndani na sufuria yake, nikamsikia anafungua chumba cha kwanza, anafungua cha pili, kisha akarudi mlangoni na sufuria bado mikononi.

“Hamuna mutu. Muko vitabu.”

Mtu mmoja nyuma kabisa akaanza kucheka, kisha mwingine, kisha wote. Shefu hakucheka. Alishusha megafoni, akaweka kidole juu ya mlango wangu.

“Na hii mistari ni nini basi, mama?”

“Ni vitabu. Vile nilisoma.”

“Vyote?”

Hapo ndipo ningeweza kuokoa nusu ya nafsi yangu. Nikainua kidevu. “Vyote.”

“Ah, intellectuelle!” akapiga mtu kelele. “Sisi tunalala kumi na mbili katika chumba kimoja, yeye analala na dictionnaire!” Na nilikuwa natafuta jibu la kuchekesha, kwa sababu nimezoea kujiokoa kwa mdomo, wakati nilipoona Mama Neema peke yake hacheki. Alikuwa ameweka sufuria chini. Alikuwa ananitazama kama mtu anayehesabu.

“Kahindo,” akasema. “Kuna mama alipita hapa, inafika juma mbili. Na batoto batatu. Alisimama mbele ya mulango wako, akahesabu na kidole moja moja. Akasema, ‘Masikini, mudogo yangu ameisha kujaza nyumba.’ Njo akaenda. Miye nilizania ni kusema tu, vile batu banasemaka.”

“Alikuwa anachechemea?”

“Muguu wa kushoto.”

Kwetu mtu habishi hodi kwenye nyumba iliyojaa. Mwenye nyumba hawezi kukufukuza, angekupa hata kitanda chake akalala jikoni, na kwa kuwa hawezi kukataa, wewe mgeni ndiye unayekataa kwa niaba yake: unasoma chaki, unamwombea, unaendelea na safari. Yaya alitembea kutoka Kiwanja na mguu ule, akafika hadi kwenye mbao za mlango wangu, akanihurumia, akaenda. Na mimi nilikuwa hatua nne kutoka pale, ndani, na kitabu ambacho mpaka leo sijui kilihusu nini.

Nilimtafuta siku mbili. Nilitafuta kwenye madarasa ya shule yaliyojaa magodoro, kwenye kumbi za makanisa, mitaa ya Majengo na Mabanga, nikiuliza habari za mama anayechechemea mwenye watoto watatu, na akina mama wanaochechemea wenye watoto watatu walikuwa wengi kuliko nilivyowahi kufikiri. Simu yake, nilikuja kujua baadaye, ilikuwa imepotea njiani, na namba yangu ilipotea pamoja nayo. Ikabaki radio.

Kijana wa matangazo alisoma karatasi yangu akanirudishia. “Mama, umeandika ‘mistari haikuwa watu.’ Batu hawataelewa. Eleza.”

“Lazima?”

“Unataka dada yako arudi ao hapana?”

Nikaeleza. Na saa sita mchana, saa ambayo Goma yote inakula na radio iko wazi, alisoma kwa sauti ile ya kutangaza misiba: “Mama Kahindo wa Mapendo anamujulisha dada yake Masika kama ile mistari kwa mulango haikuwa wakimbizi. Narudilia: haikuwa wakimbizi. Ilikuwa vitabu. Nyumba iko wazi. Arudi.” Kisha namba yangu ya simu. Akasoma mara tatu, na mara ya tatu nilimsikia anameza kicheko.

Muuza nyanya alinijua siku hiyohiyo: “Ni weye mama wa vitabu?” Na simu ikaanza kulia. Wa kwanza aliniuliza kama nina kitabu cha fizika cha mwaka wa mwisho. Wa pili alikata baada ya kucheka. Wa tatu alikuwa mwanamke mwenye sauti ndogo: alisikia nyumba yangu iko wazi, ni kweli? Wako watano, wanalala barazani mwa kanisa. Nikamwambia njooni. Wakaja, na kesho yake wakaja wengine wanne. Vitabu vikaenda chini ya kitanda, kiti changu kikachukuliwa na bibi mmoja wa Masisi ambaye hakutoka humo tena, na shefu mwenyewe akaja na kitambaa kilicholowa maji akafuta mlango, polepole, bila kuniambia neno, kisha akanipa chaki. Nikachora tisa.

Tangu mwaka ule sijahesabu kitabu tena, wala sijamwambia mtu ninasoma nini. Nikiulizwa nimefika ukurasa gani, nafunga. Na nikiketi na kitabu mlango unabaki wazi, hata kwenye baridi, hata wanangu wakinigombeza, kwa sababu nimeapa kwamba nikisoma tena nitasoma nikiwa nasikia nyayo.

Siku ya nne baada ya lile tangazo, nilikuwa napepeta mchele na bibi wa Masisi, simu ikalia, namba nisiyoijua. Nilidhani ni fizika tena.

“Allo?”

“Hata kwa radio,” sauti ikasema, “hata kwa radio, Kahindo, unajisifu vitabu.”

Nikakaa chini sakafuni, ungo mapajani.

“Yaya. Uko wapi?”

“Upande wa Mugunga, kwa wamama fulani wa chapelle. Bazima wote, usilie. Unalia?”

“Hapana.”

“Unalia. Njo sasa nasikia umejaza nyumba ya kweli.”

“Nafasi iko, Yaya.”

“Tuko ine.”

“Najua. Mukuye.”

Nikasikia mtoto anacheka karibu naye, na mlio mwingine nisioutambua.

“Na mbuzi,” akasema.

“Mbuzi gani?”

“Alitufuata toka Kibumba. Hatujue ni ya nani, tulimufukuza, alikatala. Kahindo, sema kweli. Iko nafasi ya mbuzi?”

Nikatazama sebule yangu, magodoro, bibi kitini, miguu ya watoto ikitokeza chini ya meza.

“Iko,” nikasema.

“Basi weka maji kwa moto,” akasema Yaya Masika. “Tunakuya.”