Jembe Limenila Vidole, Shemeji Akaweka Chake, Sasa Anasema Shamba ni Lake

Habari admin, na shikamooni wakubwa mliomo humu. Jina langu lifiche, na kijiji pia, ingawa mtu wa Kisawasawa akisoma atanijua tu. Sina shida naye.

Mimi ni mama wa miaka 44, mjane, nina watoto watatu. Marehemu aliniachia ekari tatu za mpunga, na tangu azikwe nazilima mwenyewe. Nakaa ukweni, mimi na mama mkwe, na tunapendana sana. Hapo ndipo penye ugumu wangu.

Ilipokuja mbolea ya ruzuku tuliambiwa kila mkulima aandikishwe na aweke alama ya kidole. Nikaenda. Kile kimashine kikakataa. Nikanawa, nikajifuta kwa kanga, nikaweka cha kulia, cha kushoto, vyote kumi. Dada mwandikishaji akanigeuza viganja akasema, "Mama, vidole vyako vimelika. Mlete ndugu aweke kwa niaba yako." Yaani nimelima mpaka mashine haioni kama mimi ni mkulima. Siku ile nilicheka.

Shemeji yangu, mdogo wa marehemu, alikuwa kijiweni hapo jirani. Huyu bwana jembe analijua kwa jina tu. Akaja anatania: "Shemeji, kidole kimoja hakivunji chawa, ngoja nikusaidie." Akaweka chake. Shamba likaandikwa kwa jina lake, na mimi kwa ujinga wangu nikamshukuru, nikamchinjia na kuku.

Msimu wa kwanza mbolea aliniletea yote. Msimu huu nikamkuta shambani na mtu wa Ifakara mjini, wanapima kwa hatua. Anamkodishia. Nikamuuliza shamba la nani. Akanijibu bila aibu, "Mfumo unasema la kwangu. Si ulikuwepo nikiweka kidole?"

Jamani, niliwaka. Nikachukua jembe nikaanza kulima palepale walipokuwa wamesimama, mpaka yule mgeni akasogea, akasogea tena, mwisho akaondoka zake. Wiki ile ile nikapanda. Watu wanasema nina kiburi. Ninacho.

Sasa Jumamosi kuna mkutano wa kijiji, majina ya wakulima na mashamba yao yatasomwa hadharani ili yahakikiwe. Nimeshatangaza kwamba likisomwa la shemeji nitasimama nipinge. Mama mkwe amesikia. Juzi aliniita, akanishika mikono, akasema, "Mwanangu, ukimwaibisha mtoto wangu mbele ya watu, mimi na wewe basi. Nimeshazika mmoja, huyu usinizikie akiwa hai." Nililia. Huyu mama ndiye aliyenikanda nilipojifungua watoto wote watatu. Lakini wali anaokula kila siku unatoka kwenye ekari zile zile, na mtoto wake hajawahi kumletea hata debe moja la mpunga.

Wa kuniambia nimwachie Mungu wasisumbuke kuandika. Nitasimama, hilo halina mjadala, hata kama jioni yake nitafungasha vyombo. Ninachoomba mnishauri ni kitu kimoja. Mama amesema lazima awepo mkutanoni, na magoti hayambebi, kila anapotoka mimi ndiye ninayemshika mkono. Jumamosi nitampeleka mwenyewe, taratibu, mpaka pale. Nishaurini ndugu zangu, tukiwa njiani nimwambie nini?