Mfereji Uliotoa Maji

Mimi ni mtu wa kuuliza. Mama alikuwa akinionya kwamba mwanamke wa maswali mengi hachelewi kuachwa. Nimekaa na mume mmoja miaka na miaka, na maswali hayajaisha. Ndiyo maana kijiji kilipoamua kupeleka ardhilhali, ombi rasmi la malalamiko, Bungeni kuhusu mtambo wa maji, kalamu walinipa mimi, mwalimu wa gredi ya nne.

Kisiwa chetu kiko upande wa Pate, na maji yetu ni ya mvua. Tunayakinga katika jabia, yale mabirika makubwa ya chokaa yaliyochimbwa ardhini, na kiangazi kikirefuka kila nyumba hupima maji yake kwa kata. Serikali ilituletea mtambo wa kuondoa chumvi katika maji ya bahari, pamoja na tangi na mfereji, bomba la kufungulia maji. Ulifanya kazi siku tatu. Baada ya hapo niliiandikia idara ya maji barua hadi daftari langu likaisha kurasa, na hakuna aliyejibu.

Ardhilhali ilijibiwa. Mbunge wetu aliiwasilisha, waziri akaulizwa, na waziri akaleta jibu la maandishi: mtambo unafanya kazi na wakazi wanapata maji safi kila siku. Nililisoma mara tatu kwenye simu. Nilikasirika, lakini zaidi nilishangaa. Mtu aliyeko Nairobi, ambaye hajawahi kuukanyaga mchanga wetu, alikuwa amelazimika kutoa neno kuhusu mfereji wetu, na neno lake limeandikwa. Sasa lingeweza kupimwa. Kamati ya Bunge ikasema itakuja kulipima kwa macho yake.

Nilitamani sana kuona wanavyofanya. Walifika kwa boti kutoka Amu, yaani Lamu mjini, saa nne asubuhi, wabunge watano wakiongozwa na mwenyekiti mwanamke, mtu wa bara mwenye miwani. Nyuma yao alikuwa afisa wa idara amekumbatia faili. Kulikuwa pia na karani wa kuandika kila linalosemwa; mzee mmoja alipokohoa niliona kalamu inasita, nikajua anajiuliza kama kikohozi nacho ni ushahidi. Tuliketi uani mwa skuli. Mashahidi waliapishwa, mimi wa kwanza. Nikaeleza kwamba tangi limekuwa kavu tangu mwaka jana.

"Twende tukaone," akasema mwenyekiti.

Akafungua mfereji. Maji yakatoka.

Yalitoka mengi, tena safi. Mimi niliyeapa kwa Msahafu niliyakinga kwa kiganja kuhakikisha. Mbunge mmoja alifunga daftari lake. "Mwalimu, mbona hivi?" akaniuliza.

Nikawatazama kina mama waliosimama nyuma, mama yangu akiwa mbele yao, nikaona leso zao zimelowa mabegani. Hapo nikaelewa. Mgeni akinyoosha mkono kwenye mfereji ukamkaukia, aibu ni ya mwenyeji. Basi alfajiri, mimi nikiwa nafagia skuli, walichota maji ya majumbani mwao, wakayapakia juu ya punda, wakapanda ngazi na kulijaza tangi la serikali. Hawakufanya kwa hila, ilikuwa heshima tu. Na heshima ile ilikuwa inaizika ardhilhali yetu, maana kamati ikishaandika kwamba maji yanatoka, hakuna atakayetuuliza tena.

Mwenyekiti hakuwa akinitazama mimi. Alikuwa akimtazama afisa. Katika umati wote ule, aliyeshtuka kuliko wote alikuwa afisa mwenyewe. Alikuwa ameyainamia yale maji kama mtu aliyesikia maiti ikipiga chafya.

"Bwana afisa, mtambo uko wapi?"

"Bandani, mheshimiwa."

"Mbona hauungurumi?"

Afisa akafungua faili.

"Maji haya yametoka wapi?"

Akapekua kurasa. Mwenyekiti akangoja, kisha akauliza tena swali lile lile, polepole, bila hasira. Siku zote nilidhani kuiwajibisha serikali ni kupiga kelele. Kumbe kazi yenyewe ni kuuliza na kutobanduka pale ulipouliza. Nilimwonea wivu.

Nikajibu mimi. "Ni ya mama yangu."

Mama akanisogelea. "Umenivua nguo mbele ya wageni," akaninong'oneza. Iliniuma kwa sababu ilikuwa kweli.

Mwenyekiti akasema neno langu peke yake halitoshi, kwa kuwa mimi ndiye mlalamishi. Anataka kumsikia mwenye maji. Mama angeweza kukataa, na sote tungerudi majumbani. Alijifunga leso yake vizuri, akaapa, akasema bila kumtazama mtu, "Mai haya ni yangu na ya majirani. Tumeyatia yeo alfajiri, wageni wanawe mikono."

"Nyumbani umebakisha kiasi gani, mama?"

Kwetu, kumwambia mgeni kwamba hukubakisha kitu ni kumlaumu kwa kuja. Mama aliwatazama majirani zake.

"Hayakubaki," akasema. Kisha akamgeukia karani. "Andika, mwanangu."

Karani akaandika. Mwenyekiti akatangaza kwamba waziri ataitwa mbele ya kamati aeleze jibu lake, na kwamba jambo hili halitafungwa mpaka warudi wenyewe wauone mtambo ukifanya kazi.

Lakini hakuna mgeni anayeondoka kwetu bila kula. Biriani ilipoandaliwa, mama alikataa kusaidiwa. Akachukua birika lililojazwa pale mferejini na bakuli, akapita kuwanawisha mwenyewe. Mwenyekiti alisita kutoa mikono. "Nawa, mwanangu, yameshatoka," mama akamwambia, akammiminia matone, naye akaridhika na matone. Wenzake vivyo hivyo. Afisa alikuwa wa mwisho. Kwake mama aliinamisha birika akaliacha limiminike, huku akimtazama usoni, na yule bwana akabaki amenyoosha mikono bila kuisugua, mpaka birika likakauka.