Kipande cha Keki cha Mama

Miaka ile biskuti na keki zilipoanza kujaa tena madukani Dodoma, baada ya uhaba mrefu, ndipo mama yangu alipogundulika ana kisukari. Sisi watoto wake tukakubaliana kwamba kitu kitamu kisiingie tena nyumbani kwetu Ipagala. Hata zabibu tulikula nje, kwa kujificha.

Siku ya Krismasi alimaliza ugali wake wa mtama na mboga ya mlenda, akatutazama.

"Keki iko wapi?"

"Mama, wewe huruhusiwi," nikamjibu.

"Nani kasema? Daktari aliniambia nipunguze, nile kidogo baada ya chakula. Ninyi mmenifanya mgonjwa kuliko ugonjwa wenyewe."

Dada yangu akaenda kwa jirani, akarudi na kipande chembamba kwenye kisahani. Mama alikila kwa kijiko cha chai, taratibu, amefumba macho. Hakuomba kingine.

Tangu hapo, Jumapili tulikula kitamu sote pamoja, kidogo, naye aliendelea kupima sukari na kutembea jioni. Aliishi miaka mingi. Nikikumbuka uso wake siku ile, naona tulikuwa tumemtenga mezani kwa kumpenda.