Databesi Iliyofungiwa Kabatini kwa Mwalimu

Afadhali mlisikie kwangu mwenyewe kabla hamjasimuliwa na mtu atakayelitia chumvi: mimi ndiye yule mwalimu wa Kibondo aliyempandisha mgeni rasmi kilimani, yeye na kwaya na kompyuta yenye utepe, kutafuta kitu ambacho hakikuwepo duniani. Chekeni kwanza, halafu tuendelee, maana nikianza kusimulia mtu akanicheka katikati huwa napoteza njia.

Ilikuwa mwaka 2013. Mimi ni mtu wa Lushoto, serikali ilinipeleka Kibondo kufundisha jiografia, na kwa kuwa nilikuwa na kompyuta na modemu (kazi yake kubwa ilikuwa kuangalia matokeo ya mpira), wafuga nyuki wa pale wakaniona mtaalamu. Walikuwa na kikundi chao, na mwenyekiti wao Mzee Bukuru alikuwa mtu mpole, mwenye kuongea taratibu, asiyemdhania mtu ubaya. Asali yao ilikuwa nzuri mno, lakini kila msimu ilikuwa inaishia kwa madalali waliojipangia bei wanavyotaka. Sasa akapatikana mama mmoja mnunuzi wa Dar, akasema atachukua asali yote ya msimu moja kwa moja kwao, ila sharti wawe na tovuti ambayo ataona kilichopo, ataagiza, na atajibiwa papo hapo. Mzee Bukuru akaja shuleni kuniuliza kama mambo ya tovuti nayaelewa. Nikasema nayaelewa, na balaa lote lilianzia hapo.

Nikapewa kazi ya kumtafuta mtengeneza tovuti. Kwa kuwa sikujua namtaka mtu wa namna gani, niliingia mtandaoni nikachukua matangazo ya kazi ya makampuni ya Dar, nikayaunganisha yote kuwa moja, nikalibandika sokoni, kanisani na msikitini: anatakiwa mtu anayejua HTML, PHP, Java, kuchora, ulinzi wa mtandao, na (hili niliongeza mwenyewe) awe na pikipiki. Niliona nikiomba kila kitu, kinachotakiwa hakiwezi kukosekana ndani yake. Wakajitokeza wawili tu, Festo wa Kasulu, mwenye duka la kadi za harusi na mabango, na Scolastika, binti wa Mabamba aliyesomea kompyuta Mwanza.

Kikundi kile kina utaratibu wake. Kitu chochote cha kununuliwa, uwe mzinga au ndoo, kinaletwa mbele ya wanachama, kinashikwa, kinageuzwa, kisha watu wananyoosha mikono. Asali ndiyo kabisa, unachovya kidole, unaonja, unanyoosha mkono. Basi wakasema na hawa wawili waje tuone kazi zao, nami badala ya kuwaeleza kwamba tovuti haionjwi, nikafurahi moyoni, maana mzigo wa kuchagua ulikuwa umenitoka kichwani.

Scolastika akaanza. Ukurasa mweupe, maandishi meusi, visanduku vitupu. Akaandika jina la mtu na ndoo anazotaka, akabonyeza, ikatokea mistari mingine ya maandishi, akasema oda imeingia na imehifadhiwa. Wanachama wakatazamana, na mama mmoja akauliza mbona nyuki hawaonekani. Kisha Festo akafungua ya kwake: nyuki wakubwa, asali inatiririka juu ya mkate, vilima vya kijani, na kitufe cha dhahabu kimeandikwa AGIZA ASALI. Ukumbi mzima ukaguna kwa raha. Mikono ikanyooka, hata ya watu waliokuja kujikinga mvua.

Scolastika wakati anafunga kompyuta yake aliniambia kwamba kazi ile ni ya watu wa aina mbili, mmoja wa sura na mmoja wa mitambo ya ndani, na kwamba hana ubaya kufanya pamoja na Festo. Nikamjibu tutalifikiria. (Hatukulifikiria.) Festo naye, kabla ya kurudi Kasulu, akaniuliza mbele ya watu, "Mwalimu, databesi mnayo?" Neno lenyewe (leo najua ni hifadhi ya oda ndani ya kompyuta) nilikuwa silijui linaliwa au linavaliwa, ila Mzee Bukuru alikuwa ananitazama kwa imani kabisa, nikashindwa.

"Ipo," nikasema.

Ukafika uzinduzi. Kwetu hakuna kinachoanza bila mgeni rasmi, kisima kina utepe, choo cha shule kina utepe, kwa hiyo na tovuti ikatafutiwa wa kwake, na kwa kuwa hakuna aliyejua tovuti inafungwa utepe sehemu gani, tukaifunga kompyuta kama zawadi ya harusi. Turubai likasimama, jenereta likanguruma, ofisa mmoja wa wilaya akaukata utepe, wale nyuki wakubwa wakatokea na akina mama wakapiga vigelegele. Mnunuzi wetu alikuwa amesafiri kutoka Dar na amekaa mstari wa mbele, akaombwa aagize ndoo ya kwanza. Akabonyeza kitufe cha dhahabu. Hakuna kitu. Akabonyeza tena kwa nguvu kidogo, na nyuki wakaendelea kututazama.

Mimi akili ilikuwa imesimama. Kitufe nakiona, kidole nakiona, sasa shida iko wapi? Nikasema ni mtandao, na wote wakakubali mara moja, kwa sababu mtandao wa Kibondo hausingiziwi. Mmoja akasema kilimani karibu na mnara unashika vizuri, na kabla sijajua kinachoendelea msafara ulikuwa umeanza kupanda, wanaume wanne wamebeba meza na kompyuta juu yake, kwaya nyuma inaimba, mgeni rasmi amekunja suruali kwa ajili ya matope, nami mbele nimeinua modemu juu kama mtu anayemulika njia.

Kule juu alama za mtandao zilikuwa zimejaa zote. Mama wa Dar akabonyeza, hakuna kitu. Mzee Bukuru akaomba ajaribu yeye, akafuta kidole kwenye koti, akabonyeza taratibu, akasubiri. Ile subira yake ndiyo iliyoniumiza kuliko yote.

Nikampigia Festo, na kwa sababu ya upepo nikaweka sauti kubwa, kila mtu akawa anasikia.

"Mwalimu, kile kitufe nilichora tu, ni picha," akasema. "Kinafanya kazi kikiunganishwa na databesi, na wewe ulisema ipo. Nasubiri unitumie."

Mzee Bukuru akanigeukia bila hasira yoyote. "Hiyo databesi iko wapi, Mwalimu, ili tuifuate?"

Hapo ndipo mtu mwenye akili angesema ukweli. Mimi nikasema iko nyumbani.

Pikipiki ikawashwa pale pale. Wajumbe wawili wakafika kwangu, wakamwambia mke wangu wametumwa databesi ya kikundi, naye, masikini, hakujua ni kitu gani ila hakutaka kunivunjia heshima, akawaambia imo kabatini na ufunguo ninatembea nao mimi. Waliporudi na jibu hilo, mama wa Dar akatazama saa, akanipa mkono, akasema atawasiliana nasi. Alikuwa ameelewa kila kitu. Hakuwasiliana, na msimu ule nilisimama kando ya barabara nikaona ndoo zote zinapakiwa kwenye lori la dalali. Nililia, na sioni haya kusema hivyo.

Lakini wanachama hawakusema mimi mjinga. Walisema mimi nimeficha. Nikipita asubuhi, mtu ananisalimu "Mwakeye, Mwalimu," nikishaitikia anashusha sauti: ile kitu bado tu umeifungia? Kila nilipotaka kueleza nilizidi kuwachanganya, na mwisho nikajichanganya mwenyewe, kuna siku nilifungua kabati nikaangalia.

Mwaka 2015 nikahamishiwa Kasulu. Mzee Bukuru akaja kuniaga na ndoo ya asali, akakaa, akaliangalia kabati, akaniuliza kama nalo ninalibeba. Ndipo nikamwambia kwamba databesi haikuwahi kuwepo, kwamba nilisema ipo kwa sababu sikujua ni kitu gani, na nilisema nayaelewa kwa sababu alikuja na imani.

Akaliacha kabati, akanitazama. "Sasa si ungesema hujui? Hata sisi tulikuwa hatujui. Tungekaa tukamuuliza yule binti wa Mabamba, akatueleza wote."

Nimeapa: siku hizi mtu akinitajia jambo la kompyuta, neno langu la kwanza ni sijui, na la pili ni nani anajua, na nikitafuta mtu wa tovuti namtafuta wa sura na wa mitambo, kisha nabonyeza mwenyewe kabla sijaita kwaya. Kabati nilimwachia Mzee Bukuru kama zawadi. Siku ya kuhama, wanachama walipokuja kulichukua, niliwaona wanafungua droo moja moja na kuingiza mkono mpaka mwisho.