Utumbo wa Ngege

Mong'ina aliuza matumbo ya kuchemsha sokoni Magwagwa kwa miaka mingi, hata watu wakawa wanaijua sufuria yake kuliko jina lake. Ndani ya ng'ombe alikujua kama nyumbani kwake: tumbo lenye manyoya kama taulo, lile la kurasa kurasa kama kitabu, na mahali nyongo ilipojificha ikingoja kisu kizembe. Samaki ndio hakuwahi kuwafikiria. Kwake samaki alikuwa kitu kinachokuja kutoka ziwani kikiwa tayari kimekaangwa.

Kidimbwi cha samaki kilikuwa cha mumewe, Nyasani. Alikichimba bondeni, chini ya shamba la majani chai, pale alipong'oa mikaratusi, akaweka samaki aina ya ngege ndani yake. Kila siku alishuka kuwalisha, akarudi akiwasimulia kama watu. Mong'ina alimsikiliza huku akiosha matumbo.

Kisha mvua za Juni zikaja. Nyasani akateleza njiani akiwa na kikapu cha chai mgongoni, akavunjika mguu. Aliporudi kutoka hospitalini na plasta hadi pajani, maneno yake ya kwanza yalikuwa, "Mama Esnah, wale samaki wasije wakalala njaa."

"Hakuna mtu aliyewahi kulala njaa mikononi mwangu," Mong'ina akamjibu.

Akawalisha kama alivyowalisha wateja wake, kwa kujaza sahani. Kila asubuhi, ukungu ukiwa bado umelala bondeni, alimwaga chembe za chakula kwa mkono mkunjufu. Julai ikaingia na baridi yake, na chembe zikaanza kubaki zikielea. Akadhani chakula hakina ladha. Akakichanganya na unga wa omena, wale dagaa wa ziwani, akaongeza. Maji yakawa mazito, yakaanza kunuka. Asubuhi moja akakuta samaki wote wako juu, vinywa wazi, wanavifunga na kuvifungua.

"Maskini, wanaomba," akasema, akawamwagia tena.

Siku iliyofuata wachache walikuwa wanaelea kwa ubavu. Mong'ina akamtoa mmoja kwa chujio. Alikuwa ndiyo kwanza amekata roho. Akaketi ukingoni, akakata jani la mgomba, akamlaza juu yake. Alijua njia moja tu ya kumuuliza mnyama kilichomsibu. Akatoa kisu.

Akapasua taratibu, akikwepa nyongo. Kulikuwa na kifuko kidogo kama kidole cha mtoto, na ndani yake chakula cha jana kikiwa hakijaguswa. Halafu akaona kitu kama uzi, kimejikunja, kikajikunja tena. Akakimwagia maji na kuanza kukikunjua kwa ncha za vidole. Kikatoka. Kikaendelea kutoka. Kikampita samaki mwenyewe, kikafika mwisho wa jani, ikabidi akirudishe upande wa pili, na bado kilikuwa kinatoka, chembamba kiasi kwamba mwanga ulipita ndani yake.

Mong'ina akainama karibu zaidi. Alikuwa ameosha matumbo maisha yake yote, lakini hakuwahi kuona utumbo kama huu.

"Ee Nyasae, Mungu wangu," akanong'ona. "Haya yote umeyaweka wapi?"

Akalibeba lile jani hadi kitandani kwa Nyasani. Mumewe akainuka kwa viwiko, akatazama.

"Hiyo yote imetoka kwa samaki mmoja?"

"Mmoja, Baba Esnah. Na si mkubwa."

Nyasani akaufuata ule utumbo kwa kidole hadi mwisho. Kisha akamwambia ampigie simu afisa wa samaki.

Afisa aliitwa Lorna. Alifika kwa bodaboda, buti zimejaa matope, akachuchumaa kando ya kidimbwi na kutumbukiza kipimajoto majini. Akatikisa kichwa.

"Mama, hawa hawaumwi. Wanasikia baridi. Ngege hana joto lake mwenyewe kama wewe na mimi. Maji yakipoa, naye anapoa, na tumbo lake linalala. Chakula unachomwaga kinaoza, kinawamalizia hewa majini. Wakija juu vile, wanatafuta pumzi."

"Na ule utumbo, Madam? Mbona mrefu hivyo?"

"Kwa sababu ya majani. Chakula chake cha asili ni vile vijani vidogo vya majini, na majani ni magumu kusagika. Lazima yasafiri sana ndani yake ndipo yampe nguvu."

Mong'ina akatazama juu, mahali jua lilipokuwa nyuma ya mawingu. "Kwa hivyo moto wa kupika chakula chake uko kule?"

"Ndiyo, mama. Uko kule."

Wakafungulia maji mapya kutoka kijitoni, na chakula kikasimamishwa. Kwa Mong'ina hiyo ilikuwa kazi ngumu kuliko zote, kushuka bondeni mikono mitupu na kuwatazama tu. Lakini hakuna mwingine aliyekufa. Mawingu yalipoanza kuachana, alingoja hadi adhuhuri, maji yakiwa vuguvugu kwenye kiganja, akatupa konzi moja. Maji yakapasuka. Vinywa vilitoka kila upande, migongo ikapandana, chembe zikaisha kabla hajafumba mkono. Akasimama pale akicheka peke yake, uso umelowa.

Septemba Nyasani alishuka kwa mkongojo, wakaketi pamoja ukingoni. Siku hiyo Mong'ina alimwona jike mmoja pembeni, kidevu kimevimba. Chakula kilimpita puani, asikiguse.

"Huyu naye ana nini tena?" akauliza kwa hofu.

"Tulia. Hali kwa sababu mdomo umejaa," Nyasani akasema. "Amebeba mayai humo. Hatameza kitu mpaka watoto watoke."

Mong'ina akamkazia macho kuona kama anatania. Hakuwa anatania. Tangu hapo kila adhuhuri alimtafuta yule jike kwanza, akamkuta amekonda, kichwa kimekuwa kikubwa kuliko mwili. Hadi mchana mmoja yule jike alipofungua kinywa, na wingu la vitoto, kila kimoja kama punje ya wimbi yenye macho, likamwagika mbele yake. Kivuli cha Mong'ina kilipoangukia maji, vyote viligeuka kwa pamoja, vikarudi mbio kinywani mwa mama yao. Naye akakifunga, bila kumeza hata kimoja.